Taa Ishirini, Njia Moja

Siku vitu vya baba vilipogawanywa, mimi nilipewa plagi.

Silalamiki. Kwetu Kabras binti hakuhesabiwa katika mgao wa vitu vya marehemu, na wazee walikuwa wamekwisha kumaliza walipoona kuna kipande cha waya kimebaki mkekani. Kilikuwa na urefu wa mikono miwili, hakina taa hata moja, na kiliishia kwenye plagi nyeusi ya zamani. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikiinua, akakigeuza, asione mtu wa kumpa. Kisha akanitazama.

"Na wewe karani wetu, usiende mikono mitupu."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha matangani kisichofika mbali. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakiweka mapajani, nikaandika katika daftari, mstari wa mwisho wa orodha: *Plagi na waya wake, binti.*

Wakati huo nilikuwa karani wa masijala katika ofisi za mkoa, Kakamega mjini. Kwa sababu ya mwandiko wangu, familia ilinipa kazi ya kuandika kila kilichotolewa na aliyekipokea. Daftari hilo bado ninalo. Liko mbele yangu ninapoandika haya, maana kumbukumbu hupenda kumpendelea mwenyewe.

Kilichokatwa vipande siku hiyo kilikuwa waya wa taa za Krismasi.

Baba alikuwa fundi wa umeme. Nyumba nyingi za Shieywe, mtaa wa Kakamega, yetu ikiwemo, zilifungwa nyaya kwa mikono yake. Lakini kabla ya kuhamia mjini, akiwa kijana, alitunza jenereta katika shamba la mzungu mmoja kule Lugari. Mzungu huyo alipouza shamba na kuondoka, aliacha sanduku ghalani. Ndani yake mlikuwa na nyaya mbili za taa za Krismasi zilizotafunwa na panya. Walionunua shamba walitaka ghala liwe na nafasi ya mahindi, wakamwambia achukue takataka zile. Alizibeba kichwani.

Toka hapo akawa mtu wa kutafuta taa kuukuu. Duka moja la zamani mjini lilipofungwa, mwenyewe alimpa waya uliokaa dirishani miaka mingi bila kuwaka. Stoo ya misheni ilitoa mwingine. Rafiki yake aliyefundisha chuo cha ufundi cha Sigalagala alimletea katoni ya nyaya tatu ambazo wanafunzi walikuwa wamezifungua kujifunzia, wakashindwa kuzirudisha. Kwa hesabu yangu zilikuwa nyaya saba. Kutoka kwa zile saba baba aliunda mmoja, wa taa ishirini, na ndio aliouita waya.

Taa hizo hazikufanana. Moja ilikuwa kichwa cha mzee mwenye ndevu, rangi imemtoka puani. Kulikuwa na ndege mwekundu, fungu la zabibu, kandili ndogo ya kijani, na kibanda chenye theluji juu ya paa. Sisi watoto hatukujua theluji. Baba alituambia wazungu walianika unga wa obusuma, ugali wetu, juu ya nyumba, na mimi niliamini hivyo mpaka darasa la sita.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu asiouvunja. Jumamosi ya kwanza ya Novemba alitandika gunia juu ya meza, akafungua bati la majani ya chai alimoweka balbu, kila moja imefungwa katika kipande cha gazeti. Alileta betri ya gari, akagusisha balbu moja baada ya nyingine. Iliyowaka ilikwenda kulia. Iliyokataa ilikwenda kushoto, lakini hata hiyo hakuitupa, kwa kuwa kitako chake cha shaba kingeweza kusaidia nyingine. Soketi alizisafisha kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa chenye maji ya ndimu, hadi ule ukungu wa kijani utoke. Palipobanduka rangi alipaka rangi ya kucha. Mama alikuwa na chupa nne za rangi ya kucha ambazo sikuwahi kuziona kwenye kucha zake.

Nilikaa naye mezani tangu nikiwa na miaka minane, na alinifundisha bila kujua kwamba anafundisha. Umeme, alisema, unaingia kwa taa ya kwanza, unapita kwa ya pili, ya tatu, mpaka ya ishirini, ndipo unatoka. Hakuna njia nyingine. Ndiyo sababu moja ikifa, zote zinazimika. Na ule umeme wa ukutani ni mkali, taa moja haiwezi kuubeba. Unagawanywa kwa zote ishirini, kila moja inachukua sehemu yake, na sehemu hiyo ni sawasawa na nguvu ya betri ya gari.

Mafundi wengine, balbu ikikosekana, walijaza soketi kwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na waya ukawaka. Baba hakukubali.

"Zilizobaki zitabeba mzigo wa aliyetoka," alisema. "Mwaka huu utaona zinang'aa kuliko kawaida. Mwaka ujao hutaziona."

Alizitundika kwenye veranda kila mkesha wa Krismasi, misumari ishirini, na majirani waliotoka kanisani walisimama langoni kutazama. Na siku ya mwaka mpya, jioni, alizizima. Hili nalo lilikuwa na utaratibu. Alivua kofia, mama akasema maneno machache ya shukrani, naye akavuta plagi kwa mkono wake. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Alisema taa iliyozimwa vizuri haisumbui kuamka.

Krismasi yake ya mwisho hakuzizima. Stima ilipotea siku mbili kabla ya mwaka mpya, transfoma ya mtaa iliharibika, na haikurudi kwa zaidi ya wiki. Baba alingoja, kisha akazishusha zikiwa giza. Nilikuwepo. Alizikunja polepole kuzunguka kiwiko chake, akamwambia mama, "Hizi hazikuzimwa. Nitazizima Krismasi ijayo."

Mwezi wa tano alifariki, baada ya kuugua kifua kwa wiki sita.

Tulimzika nyumbani, Kabras, kati ya shamba la miwa na jiko la kuni. Siku chache baada ya mazishi ndiyo siku ya kunyoa. Wafiwa hunyolewa nywele, na vitu vya marehemu hugawanywa kwa walio wake: makoti, viatu, vifaa vya kazi. Si utajiri unaogawanywa. Ni kwamba kila mmoja aende na kitu kilichoguswa na mkono ule, na hakuna anayeruhusiwa kusema hakupewa. Mjane hukaa akasikiliza.

Waya ulitoka mwisho, chini ya boksi la vifaa.

"Na hii?" aliuliza baba mdogo, kitinda mimba wa kwao baba. Alikuwa dereva wa trekta katika kiwanda cha sukari.

"Hiyo ni ya Krismasi," shangazi alisema. "Hiyo ndiyo ndugu yangu alikuwa anapendanga kuliko sisi."

"Basi nani achukue?"

Baba mkubwa alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. Aliweza kugawa nyama ya ng'ombe mzima kwa macho tu, na kijiji kizima kikarudi nyumbani bila manung'uniko.

"Kitu alikipenda hivyo hakiwezi kwenda kwa mtu mmoja," alisema. "Kikienda kwa mmoja, tumewanyima wengine. Hesabuni."

Zikahesabiwa. Ishirini.

"Tuko mimi, na huyu mdogo wangu. Na kijana wa marehemu. Watatu."

"Mimi nimekufa?" shangazi aliuliza.

"Wewe umeolewa Lugari."

"Nimeolewa, sijazikwa. Huyo marehemu nilimbeba mgongoni. Na wewe dereva usinitazame hivyo, wewe pia nilikubeba, na ulikuwa unakojoa."

Hata wazee wa ukoo walicheka. Baba mkubwa aliinua mkono. "Wanne, basi. Tano, tano. Leteni koleo."

Koleo lilikuwa la baba, lenye mpini uliozungushwa tepu nyeusi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilijua. Hapakuwa na mtu mwingine katika ule uwanja, wala kaka yangu, aliyejua kama mimi kwamba waya ule ni njia moja, kwamba taa tano peke yake zikitiwa kwenye umeme wa ukutani zitapasuka. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nina kazi ya serikali, nina kalamu mkononi. Mama, kichwa chake kimenyolewa upya, aligeuka akanitazama. Alitazama tu, muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Niliinamisha kichwa nikaandika: *Taa tano, baba mkubwa. Taa tano, baba mdogo. Taa tano, kaka. Taa tano, shangazi.* Mwandiko wangu siku hiyo ni mzuri sana. Nimeutazama mara nyingi.

Novemba ilipofika nilikuwa ninaishi na mama Shieywe. Jumamosi ya kwanza, nikitoka sokoni, nilimkuta kwenye veranda amesimama juu ya kiti, kitambaa mkononi, anafuta misumari. Alifuta mmoja, akasogeza kiti, akafuta mwingine.

"Mama, hiyo misumari ni ya nini sasa?"

"Hajazizima," alisema, bila kugeuka. "Alisema atazizima Krismasi hii. Ninaamka usiku ninafikiri hilo tu. Kuna mengine makubwa ya kufikiri, lakini ni hilo tu."

Hakuniomba. Wala hakusema kwamba nilijua. Aliendelea kufuta mpaka msumari wa ishirini, akashuka, akaingia ndani kuweka chai. Niliamua palepale kwamba waya ule utaunganishwa na kuwaka kabla ya mwaka kwisha, ili mama auzime kwa ajili yake. Sikuwa na nia nyingine.

Nilianza kwa baba mkubwa. Taa zake tano alizitundika sebuleni juu ya kalenda, katika nyumba isiyo na umeme. Yule mzee mwenye ndevu alikuwa hapo, akitazama viti. Nilimweleza haja yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyosikiliza kila mtu.

"Haiwezekani," alisema. "Kitu cha marehemu hakirudi nyuma. Nikirudisha, nimemwambia nini ndugu yangu? Nimemwambia, chukua kitu chako, sikitaki. Hapana, mama. Omba kingine."

Alinipa ingokho mkubwa wa kwenda naye, amefungwa miguu. Kwa watu wetu kuku wa namna hiyo ana maana: sijakufukuza, lakini usirudie ombi lile.

Shangazi nilimfuata Lugari, Jumamosi iliyofuata. Taa zake zilikuwa ndani ya sanduku la nguo, zimefungwa katika leso ya kanisani. Nilipomwambia baba mkubwa amekataa, alitikisa kichwa.

"Amesema kweli. Hata mimi sikupi."

"Senje, nifanye nini basi?"

"Wewe umesoma mpaka ukapitiliza. Nani amekuambia uombe taa? Omba watu. Mimi nikitaka kuja Krismasi kwa wifi yangu, na nikitaka kutembea na urithi wangu ndani ya mkoba, kuna sheria inanikataza? Jioni narudi nao. Sijarudisha kitu. Nimetembea nacho."

Nilirudi na neno hilo kwa baba mkubwa. Aliligeuza kichwani, akatafuta kosa ndani yake, asilione. "Huyo dada yangu," alisema hatimaye, "angekuwa mwanamume tungeshindwa kukaa naye." Alikubali kuja. Kaka yangu alikubali kwa barua. Kwa hiyo zikawa taa kumi na tano, na akabaki baba mdogo.

Aliishi katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, mstari mrefu wa nyumba zinazofanana, zote zenye umeme. Nilipomweleza mpango wa Krismasi na kumuuliza habari za taa zake, alisema, "Sina." Nikauliza kama zimepotea. "Sina, mama," alisema tena, akasimama, akaniashiria nimfuate nje, nyuma ya jiko, penye mgomba.

"Ziko hapo," alisema, akionyesha chini kwa kidole cha mguu.

Alizifukia. Alinieleza akiutazama mgomba, si mimi. Juma lile alilotoka matangani alinunua plagi mpya. Akafunga ncha mbili za kile kipande, moja huku, nyingine huku, vile alivyokuwa akimwona ndugu yake akifunga. Alikusanya watoto wake mezani waone taa za marehemu, baba yao mkubwa.

"Nikawasha. Ikalia kama bunduki. Zote tano, mara moja. Vioo vikaruka mpaka kwa chai. Stima ya laini yote ikapotea, majirani wakatoka nje wanaulizana ni nini."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna. Lakini nilielewa. Alinikataa."

Aliendelea.

"Wiki sita alilala hospitali. Kutoka hapa mpaka hapo Kakamega si safari. Miwa ilikuwa mingi, ni kweli, lakini si miwa. Niliogopa kumwona. Nilikuwa nasema Jumapili hii, Jumapili hii. Mpaka nikaletewa habari nikiwa juu ya trekta. Sasa mtu kama mimi anapewa taa zake, unafikiri zitawaka?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini tangu siku ya kunyoa hakuwa amekanyaga kaburini, kwa nini familia ilipokutana alituma salamu. Miezi sita alikuwa amebeba jambo ambalo ningeweza kumtua kwa sentensi moja, uwanjani, mbele ya koleo.

"Baba mdogo," nilisema, "si baba. Ni waya."

Nilimweleza. Njia moja, taa ishirini, kila moja na sehemu yake. Nilimweleza kwamba hata angekuwa amelala pale hospitali wiki zote sita, taa tano zingepasuka vilevile. Zingepasuka kwa baba mkubwa kama angekuwa na umeme. Zingepasuka kwa yeyote.

Alinisikiliza kwa makini ya mtu aliyezoea mashine. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza, akanitazama.

"Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Tangu siku ile."

"Tangu siku ile."

"Na ukaandika."

"Nikaandika."

Kuku alipita katikati yetu, akaparua udongo chini ya mgomba. Baba mdogo alimfukuza kwa mguu, polepole.

"Rudi nyumbani, mama," alisema. "Jua linaenda."

Hakunipa kuku.

Juma lililofuata nilitandika gunia juu ya meza ya baba. Katika bati la chai nilikuta balbu mbili tu za akiba zilizo nzima. Kama soketi za baba mdogo zingerudi, nilihitaji tano. Nilikwenda kwa fundi wa magari nyuma ya soko, nikamwomba balbu ndogo za dashibodi. Alicheka. "Dada, gari liko wapi?" Nilimwambia gari liko nyumbani. Nilijaribu nyingi kwenye betri, nikizilinganisha na zile mbili za akiba, hadi nikapata tatu zenye mwanga wa kiasi kilekile. Vitako vyake havikulingana na soketi. Basi nikachukua vitako vya shaba kutoka kwa balbu zilizokufa, zile za kushoto ambazo baba hakuzitupa, nikavipachika kwa solda. Niliunguza vidole viwili. Nilimaliza.

Hazikuwa na rangi. Mama alizitazama, akaenda chumbani, akarudi na chupa ya rangi ya kucha, akaiweka mezani. Ilikuwa imekauka. Aliirudisha chumbani.

Krismasi walikuja baada ya ibada, kila mmoja na mfuko wake. Tulikula, tukaomba, tukaongea juu ya mvua. Saa tisa nilitandaza vipande vitatu kwenye sakafu ya veranda. Sikutaka kuunganisha kwa solda, kwa kuwa kila mmoja lazima aende na chake, kwa hiyo nilinunua vile vikonekta vyeupe vya skrubu mbili ambavyo mafundi hutumia ndani ya dari. Baba mkubwa alikataa kuachilia ncha ya kipande chake hata nilipokuwa ninakikaza.

"Sijakirudisha," alisema. "Nimekishika tu."

"Baba mkubwa, nikiwasha utarushwa."

"Basi nitakiachilia ukifika hapo. Na nitasimama karibu, ndugu yangu anione."

Saa kumi ilifika. Kaka yangu alitazama lango, akatazama saa.

"Tuunganishe hizi kumi na tano," alisema. "Si zitawaka?"

"Zitawaka."

"Basi shida ni nini? Krismasi ni siku moja."

"Zitawaka kwa mzigo wa ishirini," nilisema. "Baba hakufanyanga hivyo."

"Baba hayupo."

Ilikuwa kweli, na aliisema bila ubaya. Shangazi alianza kuhesabu misumari kwa sauti ya chini. Nilimtazama mama. Alikuwa ameketi kwenye kiti kilekile alichosimamia Novemba, mikono mapajani.

"Tungoje," alisema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka giza."

Tulingoja. Hakuna aliyeingia ndani. Mwanga ulikuwa umeanza kupungua, na watu wa mtaa wamekwisha kuwasha redio zao, baiskeli iliposimama langoni. Baba mdogo aliiegemeza kwenye ua kwa uangalifu mkubwa kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na suti aliyovaa kwenye mazishi na mfuko wa nailoni mkononi. Hakumsalimu mtu. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipopiga magoti, akanipa mfuko.

Ndani mlikuwa na soketi tano tupu na waya wake. Alikuwa ameziosha. Hapakuwa na chembe ya udongo. Mtu fulani, kwa kijiti na kitambaa, alikuwa ameondoa hata vipande vya kioo vilivyobaki ndani, na nilipozileta puani zilinuka ndimu. Nilikuwa nimemtajia ndimu kule mgombani, katika kueleza kwangu.

Niliziweka balbu, mbili za rangi na tatu nyeupe. Nilikaza konekta ya mwisho, kisha nikaunganisha plagi yangu. Tulizitundika pamoja, kila mmoja alipofika mkono wake. Baba mkubwa aliachilia.

Hapo hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimeshika plagi na sikujua ni nani wa kuiingiza. Mama ndiye aliyesema.

"Mulamwa," alimwita baba mdogo, kwa neno letu la shemeji. "Wewe."

"Hapana."

"Wewe, mulamwa."

Aliichukua plagi kwangu. Alipoiingiza aligeuza uso pembeni, akafumba macho, kama mtu anayesubiri mlio. Palikuwa kimya. Alipofumbua, taa ishirini zilikuwa zinawaka juu ya vichwa vyetu, kumi na saba za rangi na tatu nyeupe kabisa, na ule mwanga mweupe ulikuwa umemwangukia yeye.

Alisimama akizitazama mpaka shangazi akamsogezea kiti.

Majirani walikuja langoni kama miaka yote. Sikumbuki yaliyozungumzwa. Nakumbuka zaidi kwamba baada ya kama saa moja mama alisimama, akatufanya sote tusimame, na baba mkubwa na baba mdogo wakavua kofia bila kuambiwa. Mama alisema maneno machache ya shukrani, yaleyale. Kisha akavuta plagi.

"Basi," alisema gizani. "Amezima."

Tuliwasha taa ya sebuleni, nikafungua vikonekta kimoja kimoja. Kila mmoja alikunja kipande chake kuzunguka kiwiko, jinsi baba alivyokunja. Baba mkubwa alihesabu zake: tano. Shangazi alizirudisha kwenye leso. Nilidhani kazi imekwisha.

"Lete lile daftari," baba mdogo alisema.

Nililileta. Alilifungua mwenyewe, akatafuta kwa kidole ukurasa wa mgao, akanirudishia.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kile hukusema siku ile."

Mama alikuwa anakusanya vikombe. Alisimama.

Niliandika chini ya orodha, chini ya plagi na binti. Mwandiko si mzuri, niliandikia goti. *Waya huu ni njia moja. Ukikatwa, kipande chake kisitiwe kwenye umeme. Nilijua. Sikusema.*

"Soma," alisema baba mdogo.

Nikasimama, nikasoma kwa sauti, mbele ya wote. Wengine walikuwa wanasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Baba mkubwa alikuwa ameketi, taa zake tano mapajani, yule mzee mwenye ndevu akiwa juu.

"Ungesema, tungekuambia unyamaze," alisema hatimaye. "Mtoto wa kike, siku ya kunyoa. Mimi mwenyewe ningekuambia unyamaze."

Alipangusa vumbi kwenye ndevu za yule mzee kwa kidole gumba.

"Lakini ungesema."